Namba za Lango la Bulemwe

Ukitaka kumjua wakala wa mizigo wa Guangzhou, kusini mwa China, mtazame vidole. Kila katoni inayoingia kwenye kontena la kuchangia huandikwa maki, yaani herufi na namba za mwenye mzigo, kwa maka peni nyeusi, pande mbili na juu. Kontena moja hubeba mizigo ya watu thelathini, na katoni ikifika bandarini bila maki ni mali ya atakayeiwahi. Wino ule hautoki kwa sabuni wala kwa limau. Vuai, Mzanzibari aliyekaa mji ule miaka kumi na minne, alikuwa na vidole kama vya mtu aliyeshinda anachambua ngisi.

Mshirika wake Heriel vidole vyake vilikuwa safi kama vya karani wa benki. Uvivu hakuwa nao. Alibeba, alifunga tepu, alipanga katoni kwenye kontena akizibana kiasi kwamba hata upepo hukosa pa kupita. Ila maka peni hakuigusa. Miaka minane ya uwakala hakuwahi kuandika maki hata moja. Alinunua kimashine cha kuchapa stika, akawa anabandika stika. Wateja walisema hayo ni maringo ya kijeshi, na wengine wakacheka kwamba Afande hajui kuandika. Aliwaacha waseme. Watu wakikuona mjinga hukuuliza maswali machache, na hilo ndilo alilolitaka.

Huyo waliyemwita Afande alikuwa amekula chumvi kidogo, miaka hamsini na mitatu, mtu wa milima ya Upare, mrefu, mkimya, shati limechomekewa hata siku ya joto kali. Aliingia jeshini baada ya kidato cha nne, akapanda hadi usajini, akawa mtu wa stoo. Alipelekwa mara moja nje ya nchi kulinda amani, ng'ambo ya ziwa, mwaka mmoja kasoro wiki mbili. Akarudi na bereti ya buluu, cheti, na picha moja akiwagawia watoto biskuti. Muda wake wa jeshi ulipokwisha alikuja Guangzhou kumnunulia shemeji yake mikoba ya Shiling, kitongoji cha viwanda vya mikoba, akasema anakaa mwezi. Mkewe Teddy bado anamtania kuhusu huo mwezi.

Alikuwa na mambo yake mengine. Katika maduka ya jumla ya barabara ya Zhanqian, ambako lifti hujaa wanunuzi na mabulungutu ya jinzi, Heriel alipanda ngazi hadi ghorofa ya sita. Mgahawa wa watu wa ng'ambo ya ziwa, ambao kila Mwafrika wa mtaa ule anausifia samaki na sombe, yaani kisamvu, hakuingia hata siku moja. Akikutana na mtu wa huko njiani alimsalimu vizuri, lakini macho yake yalishuka mikononi mwa yule mtu na kubaki hapo. Halafu kulikuwa na ule mlango wa ghala, mlango wa bati wa kuviringisha. Laobani, yaani mwenye ghala, mama wa makamo aitwaye Chen, alizoea kuushusha mchana apate kusinzia. Siku moja aliushusha huku mleta maji yuko nje anagonga. Heriel aliuinua kwa mikono miwili, akamfokea yule mama kwa Kiswahili, yeye ambaye hajawahi kumfokea hata kuku. Laobani hakuelewa neno lolote ila uso aliuelewa. Tangu siku ile husinzia mlango ukiwa wazi.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu Teddy alipiga simu mapema kutoka nyumbani.

"Baba Abeli, jina la mtoto limetoka."

Heriel alikuwa anakata tepu. Akauweka mkasi chini.

"Limetoka wapi?"

"Kwenye orodha ya wanaokwenda kulinda amani. Kule kule ulikokwenda wewe. Yuko hapa kwa likizo ya siku saba, Jumamosi anarudi kambini kuanza mafunzo. Amefurahi huyo, kavaa bereti yako anajitazama kwenye kioo."

Abeli alikuwa mtoto wao wa pekee, koplo, miaka ishirini na sita. Alikua akiitazama ile picha ya biskuti ukutani sebuleni. Kidato cha pili aliandika insha juu yake, baba yangu alikwenda kuwapa watoto maji na amani, akapata alama zote. Heriel aliisoma insha ile, akasema vizuri mwanangu, akatoka nje kwenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Teddy akaendelea. Bungeni kulikuwa na hoja, na nyumba nzima, mtaa mzima, walikuwa hawazungumzi kitu kingine. Baadhi ya wabunge walitaka isiwe tena kwamba askari wanapelekwa nchi ya watu kabla Bunge halijakaa na kupiga kura. Wengine walisema nchi isiyo na upande katika ugomvi wa majirani haina haja ya kuogopa kupeleka watoto wake, na kura zitachelewesha tu. Kamati ilikuwa inapokea maoni ya wananchi, hata walio nje, kwa maandishi. Mwisho Ijumaa saa nne asubuhi.

"Wewe ulikwenda," Teddy alisema. "Wewe unajua. Waandikie wasimpeleke."

"Nitaona."

"Usione. Andika. Miaka kumi na moja nimekuuliza kulikuwaje huko, unaniambia kulikuwa na mvua. Sikuulizi mimi tena. Waambie hao."

Abeli akaomba simu. Sauti yake ilikuwa changamfu. "Baba, shikamoo. Usimsikilize Mama. Ukiandika jina lako huko wataniuliza kambini kama baba yangu ni mwoga. Usinitie aibu, Baba."

"Marahaba," Heriel alijibu, akauokota mkasi, akarudi kwenye tepu.

Basi hapo ndipo alipokwama. Akinyamaza, mwanawe angekwenda kusimama kwenye lango ambalo baba yake analijua na yeye halijui. Akisema, angelazimika kusema yote, na mwanawe angejua ile picha ukutani ilipigwa siku gani na kilifuata nini. Siku nne hakula vizuri. Alipiga hesabu ya saa za nyumbani na za Guangzhou, akakuta Ijumaa saa nne ya huko ni saa tisa alasiri ya kwake, akaiandika kichwani, asiiguse.

Vuai naye, ambaye zaidi ya safari ya Abeli hakujua lolote, alishinda ghalani na simu yake ikipayuka hotuba za bungeni. Mbunge mmoja alisema askari ni mtoto wa mtu, asitoke mpaka Bunge hili limeuliza anakwenda kufanya nini. Mwingine akasema sisi hatufungamani na upande wowote, tunakwenda kusimama katikati, ubaya uko wapi?

"Mie n'nakwambia, Afande," Vuai alisema huku anaandika maki, "na hao wa kura nao basi wana yao. Ukiwaachia wajadili, ruhusa itatoka na maiti keshazikwa. Hebu tupe maoni yako, wewe si ulikuwepo?"

"Sina maoni."

"Mwanajeshi mzima huna maoni? Basi hata uongo."

Heriel alitoka nje, akasimama kwenye manyunyu mpaka shati likamganda mgongoni. Vuai alizima simu. Alikuwa mtu wa mzaha lakini hakuwa mtu mbaya, na jioni alimletea mwenziwe chai ya tangawizi.

Sasa mwezi wa tatu katika mji ule una tabia yake. Hewa ya kusini hurudi na unyevu, na nyumba hutoka jasho. Maji huteremka kwenye kuta, vigae huteleza, nguo haikauki, na wenyeji hufunga madirisha wakasubiri yapite. Stika haiwezi kuvumilia hali hiyo. Vuai alimwambia miaka yote kwamba gundi ya stika na mwezi wa tatu haviendi pamoja, na Heriel miaka yote alizifunika kwa tepu ya plastiki akaomba Mungu.

Ijumaa asubuhi Vuai alikwenda Shiling kwa gari la kukodi, kugombana na mwenye kiwanda aliyewapa mikoba yenye zipu za kukwama. Heriel alifungua ghala akakuta stika sakafuni. Zilikuwa zimelala huko kama majani baada ya mvua, wino umechujuka, hakuna hata moja inayosomeka. Katoni za wateja wanne, zote za rangi moja na ukubwa mmoja, zilikuwa kimya, hazina mwenyewe. Lori la kontena lingefika saa sita.

Mteja mmoja tu kati ya wale wanne alikuwa bado yuko mjini, na alikuja mbio alipopigiwa. Aliitwa Mama Feza. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa, mnene, mcheshi, mvaaji wa vitenge vya kupendeza, na mzigo wake ulikuwa katoni arobaini na moja, mikoba ya Shiling na nguo za watoto zilizoshonwa kwenye vyumba vya mafundi wa mtaa wa Kangle. Miaka miwili alikuwa mteja wao, na miaka miwili Heriel alihakikisha anahudumiwa na Vuai.

Walifungua katoni moja moja kutambua ya nani ni ipi. Kazi ile iliwachukua saa mbili, na hawakuzungumza ila mikoba na saizi. Wakazipanga mafungu manne. Mama Feza akajipangusa jasho, akachukua maka peni ya Vuai juu ya meza, akaifungua kifuniko, akamnyooshea.

"Andika, Afande. Camion ya kontena inafika."

Harufu ya wino ikamfikia Heriel. Hakunyoosha mkono.

"Andika wewe, mama."

"Mimi? Mimi nalipia kazi." Alicheka, halafu akaona kwamba Heriel hacheki. "Afande, acha nikuulize. Kwa nini unaangaliaka mikono yangu? Miaka mbili sasa. Wanaume wengine wanaangaliaka kwingine. Weye, mikono tu. Hata sasa uko unaiangalia."

Ilikuwa kweli. Alikuwa anaitazama nyuma ya kiganja chake cha kulia, chini kidogo ya kidole cha kati.

Ukweli ukikaa kifuani miaka kumi na moja huwa hauna mlango wa heshima wa kutokea. Heriel alikaa juu ya katoni, akaanza katikati.

"Nilikuwa mlinda amani kwenu. Mahali panaitwa Bulemwe."

Mama Feza aliirudishia kalamu kifuniko chake.

Kambi ilikuwa juu ya kilima, na chini ya kilima kulikuwa na soko lenye paa la bati. Walikuwa askari wa nchi kadhaa, kila nchi na masharti yake. Kila mmoja alikuwa na kadi mfukoni iliyosema hatuna upande. Jumatano moja watu walikuja langoni wakikimbia, wakasema wanafuatwa, wakaomba waingie. Heriel alikuwa zamu ya lango siku ile. Asubuhi yake alikuwa amegawa biskuti, na mtu wa habari akampiga picha. Kamanda, kanali wa nchi nyingine kabisa, alisema kuwaingiza watu wa kundi moja ni kuchukua upande, hivyo lazima makao makuu yaruhusu. Makao makuu yakaziuliza nchi zenye askari. Na askari waliolinda upande ule wa ua walikuwa wa nchi ambayo kazi yao haibadilishwi hata kidogo mpaka bunge lao likubali. Bunge lile lilikuwa likizo. Kamati yake ikaitwa ikae.

"Nani alikuwa na kosa?" Heriel alisema. "Kila mmoja alikuwa anafuata utaratibu. Nimewatafuta wote, nimekosa wa kumlaumu, nikarudi kwangu."

Watu walikuwa wanasukumana langoni. Kanali alimwambia aandike orodha ya waliotangulia, ili ruhusa ikija waingie kwa mpangilio. Ila asiulize majina. Huko jina la mtu linakuambia ni wa kabila gani, na kabila ni upande, na wao hawakuwa na upande. Kwa hiyo Heriel alichukua maka peni ya stoo, ile aliyoandikia maboksi ya chakula, akapitisha mkono kati ya nondo za lango, akawaandika namba nyuma ya viganja. Moja mpaka kumi na tisa. Wino ukaisha hapo.

"Nikawaambia, hii ndiyo ruhusa yenu. Mwenye namba asiondoke, ataingia wa kwanza. Wasio na namba walikata tamaa, wakaingia kwenye migomba, wakapotea. Hao wako hai, mama. Wengi wako hai. Wenye namba walikaa sokoni chini ya bati, wakanisubiri."

Alisubiriwa Jumatano, akasubiriwa Alhamisi. Kila alipotoka langoni walimwinulia mikono kumwonyesha, ili asisahau. Binti mmoja mwenye sweta ya kijani, kama miaka kumi, namba saba, alikuja Alhamisi mchana kusema namba yake inafutika kwa jasho. Heriel alikuwa amepata kalamu nyingine. Akamwandika tena, akaikoleza vizuri. Yule binti akasema asante, afande, akarudi sokoni.

Ijumaa kulipopambazuka wale waliokuwa wakiwafuata walifika. Kadi ilisema risasi ni kwa kambi ikishambuliwa, na kambi haikushambuliwa.

"Mulisikia?" Mama Feza aliuliza.

"Tulisikia."

Saa nne asubuhi jibu lilikuja kwenye redio. Ruhusa imetolewa. Heriel akapewa orodha yake akashuke sokoni kulinganisha. Alilinganisha mikono. Ilikuwa kumi na nane. Namba saba hakuipata. Aliwageuza wote tena, akapekua migomba, akaenda mtoni, mpaka wenzake wakamshika wakamrudisha. Tangu hapo anatazama mikono ya watu wa huko. Anajua wino ule ulishatoka, hata kama binti alikimbia, hata kama yuko hai, ulitoka ndani ya mwezi. Anajua, na anatazama.

Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye nyaya za umeme. Mama Feza aliketi kwenye katoni nyingine, magoti yakikaribiana na ya Heriel.

"Mi si mutu wa Bulemwe," alisema. "Kutoka kwetu mpaka huko ni siku mbili. Na niko na miaka makumi ine na tatu, Afande, siwezi kuwa huyo mutoto. Ungeniuliza tu tangu siku ya kwanza."

"Ningeuliza nini?"

"Eeh. Ungeuliza nini." Mikono yake ilikuwa mapajani, na hakuificha. "Mi siwezi kukusamehe. Si mimi niliandikwa. Lakini Vuai aliniambia mutoto wako anaenda kule. Amejua hii?"

"Hapana. Mpaka leo saa tisa kuna maoni ya kuandika bungeni. Mama yake anataka niandike. Yeye mwenyewe hataki."

"Mi sijui mambo ya bunge. Nakuuliza mutoto. Amejua?"

"Hajui."

"Basi na yeye uko unamungojesha kwa lango."

Honi ya lori ikalia uani. Dereva alishuka akipiga makofi, kuaidian, kuaidian, fanyeni haraka, kwa kuwa dereva wa kontena Guangzhou hazaliwi na subira. Mama Feza akainuka, akafungua tena kifuniko cha kalamu, akaiweka mkononi mwa Heriel na kuvikunja vidole vyake juu yake.

"Usiandike ile maki ya namba. Andika FEZA. Ni jina langu mwenyewe, nilipewa na baba yangu."

F ilitoka imepinda, na E ikatoka imelala. Akaandika ya pili. Kufika katoni ya kumi alikuwa analia bila sauti, akiendelea kuandika, na Mama Feza alikuwa anageuza katoni ili apate upande wa pili, akimwacha alie. Dereva aliacha kupiga makofi, akawasha sigara. Waliandika zote arobaini na moja, halafu za wale wengine watatu, na Heriel aliwapigia simu kila mmoja kuwauliza majina yao kamili, hata walioshangaa. Lori liliondoka saa nane. Alitazama vidole vyake, vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha.

Alikaa kwenye kiti cha laobani, akaandika kwa simu. Hakuandika wampeleke wala wasimpeleke, maana hata sasa hakujua. Aliandika kilichotokea langoni, tangu Jumatano mpaka Ijumaa, na sweta ya kijani akaiandika. Mwisho akaongeza: Waheshimiwa, mimi niliona watu wakifa kwa kungoja bunge la watu. Kwa hiyo sisemi kura ni mbaya au nzuri. Nasema pigeni kura yenu sasa, askari wakiwa bado nyumbani, na katika kura hiyo jibuni swali moja: raia akija langoni anakimbia kifo, askari wetu afungue au asifungue? Kama hamna jibu, basi hamjawa tayari kumtuma mtu yeyote. Akatia jina lake, cheo chake cha zamani, na wilaya yake. Akatuma saa tisa kasoro robo.

Jibu lilikuja papo hapo, la mashine. Maoni yako yamepokelewa. Namba yako ni 214. Tafadhali subiri, utajulishwa.

Heriel alilisoma mara tatu. Jasho la ukuta lilikuwa linateremka nyuma yake. Alijua wale watu wa kamati hawana ubaya wowote, na kwamba wanafuata utaratibu, na kwamba labda watamsoma. Lakini Abeli alikuwa anarudi kambini kesho asubuhi. Akapiga simu nyumbani.

"Teddy, nipe Abeli. Na wewe ukae hapo hapo usikie."

"Umeandika?"

"Nimeandika. Nipe mtoto."

Alimweleza. Safari hii alianza mwanzo, na picha ya biskuti, na hakuruka kitu. Upande wa pili alisikia jogoo wa jirani, na kiti kikivutwa, na Teddy akisema Mungu wangu kwa sauti ndogo. Abeli hakumkatiza hata mara moja.

"Baba," Abeli alisema. Uchangamfu ulikuwa umemtoka. "Kwa hiyo nisiende?"

"Utakwenda wakikutuma. Wewe ni askari. Mimi sikukatazi."

"Sasa yakinikuta mimi hayo, na kadi inasema vile vile, na ruhusa haijaja?"

Heriel alitazama mlango wa bati. Ulikuwa wazi, na nje mleta maji alikuwa anapita na baiskeli yake.

"Fungua, wakufunge jela, nitakuja kukutazama," alisema. "Ukishindwa kufungua, waambie wakimbie. Wafukuze, watupie mawe, wakuchukie. Usimwambie mtu asubiri, mwanangu. Mimi niliwaambia wasubiri."